Mjumbe Asiyejua Hapana

Jumatatu hiyo, saa mbili na robo asubuhi, mwanamke wa kwanza aliingia kliniki amevaa viatu visivyofanana. Hakusalimu. Alimnyooshea mpokezi simu yake asome. Ujumbe ulikuwa mfupi: majibu ya kipimo chako yametoka, tafadhali fika kliniki leo bila kukosa uonane na daktari.

Mpokezi hakushtuka. Kila Jumatatu wanawake wawili watatu hupata ujumbe kama huo, wale ambao kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kimeonyesha jambo la kufuatilia. Akamkalisha. Akaingia wa pili, wa tatu akaja na mumewe, wa nne na dada yake, na kabla ya saa tatu mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wameegemea ukuta, na hakuna aliyeongea. Kelele mtu huzizoea, mpokezi alisema baadaye, lakini wanawake sabini waliokaa kimya ukumbi mmoja ni jambo la kutisha.

Habari zilimkuta Waya akiwa amepiga magoti chini ya meza, akitafuta kwa nini mashine ya kuchapa ya famasia imenuna. Waya ndilo jina alilopewa na wauguzi, kwa kuwa hakukosa nyaya shingoni, na alilizoea hata akawa analiitikia upesi kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa fundi pekee wa kompyuta hapo kliniki, mama wa watoto wawili, mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Mpokezi aliinama, akamwambia aje aone mwenyewe. Waya aliinuka, akachungulia ukumbini.

Alijua papo hapo kuwa ni Mjumbe.

Mjumbe alikuwa wake. Miezi mitano nyuma aliketi akaandika skripti ya PowerShell, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata, ya kutuma ujumbe kwa wagonjwa, akaipa jina hilo kwa utani: mjumbe hauawi. Skripti ilisoma orodha ya wanawake wote waliopimwa, ikawaandikia wale tu waliowekewa alama nyekundu na daktari. Mara chache, kama siku maji yalipokatika, ilibidi kuwaandikia wote. Kwa hiyo aliweka mlango wa kuchagua. Baada ya jina la programu uliandika neno Wote, na mbele yake ndiyo au siyo, kwa namna PowerShell inavyolielewa: alama ya dola kisha true, au alama ya dola kisha false. Kila Jumatatu Waya mwenyewe ndiye aliyeiendesha, na haikuwahi kukosea hata namba moja.

Lakini kazi zilimzidi. Wiki iliyopita aliamua kumkabidhi Sista Mkuu shughuli hiyo, na ili mtu asije akaingia ndani ya skripti akafuta mstari kwa bahati mbaya, aliifunga ikawa faili la exe, kitu kimoja kilichofumbwa kama kidonge. Akaijaribu mara moja kwa orodha ya wafanyakazi, Wote ikiwa ndiyo. Simu zote zikalia. Akaridhika. Akaandika mstari wa kuchapa kwenye karatasi, akaubandika pembeni mwa kioo cha kompyuta ya Sista, akaenda nyumbani.

Waya alimkuta Sista Mkuu amekaa kitini, mikono mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nane, mwenye miaka thelathini na mmoja ya kazi, ambaye mikono yake ilisifika kwa kupata mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano moja. Sasa aliitazama mikono hiyo kana kwamba imemwibia.

"Nimekosea, mwanangu," alisema. "Nilivaa miwani, nikasoma karatasi yako herufi kwa herufi. Sijui nimekosea wapi, lakini nimekosea."

Waya aliinamia kioo. Dirisha jeusi lilikuwa bado wazi, na mstari aliouchapa Sista ulikuwa humo. Wote, kisha dola, kisha false. Hakuna herufi iliyopungua wala nafasi iliyozidi. Chini yake Mjumbe ameripoti kwa adabu zote: ujumbe umetumwa kwa watu 612.

Alifungua mdomo aseme kwamba Sista hakukosea, ila neno lenyewe hakulipata, kwa sababu hakuelewa bado. Katika ile nukta ya kusitasita mlango ukafunguliwa na Daktari Mkuu akaingia.

Daktari Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka ukumbini, ameshikwa koti na wanawake watatu, mmoja amemuuliza kama atawaona wanawe wakimaliza shule. Alizungumza polepole, macho yakiwa dirishani. Alisema alishaonya kwamba vyombo hivi vinataka vijana, si watu wa umri wa Sista. Alisema hamlaumu mtu, lakini kuanzia leo Sista asiguse tena programu hiyo. Sista aliinamisha kichwa. Na Waya, ambaye alikuwa ameuona mstari ule kwa macho yake, alinyamaza. Alijiambia kwamba anangoja ahakikishe. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na woga pia, na ni yeye tu aliyejua kipi kilikuwa kingi zaidi.

Daktari akataka ujumbe wa pili utoke dakika hiyo hiyo, kwa wote, kwamba wa asubuhi ulikuwa na makosa, wasiwe na hofu, hawana haja ya kuja. Waya alikaa, akaandika, akachapa Wote na ndiyo, akabonyeza. Mia sita na kumi na wawili. Ukumbini simu zilianza kulia moja baada ya nyingine, na ule ukimya ukapasuka. Wengine walicheka, wengine walilia kwa sauti, mwanamke mmoja alikaa sakafuni, na mume wa mwanamke mwingine alianza kutukana kwa utaratibu, akianzia kwa mlinzi.

Waya alirudi katika chumba chake cha kazi, akafunga mlango. Aliandika orodha ndogo yenye namba mbili tu, yake na ya mumewe, na alama nyekundu akaiweka kwa mumewe peke yake. Kwanza aliendesha skripti ile ya zamani, Wote ikiwa siyo. Simu yake ilitulia. Akaendesha ile iliyofungwa, kwa mstari uleule.

Simu yake ikaita mezani, akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Lakini haikuwa Mjumbe. Alikuwa mama mkwe wake.

"Mkamwana," alisema bibi huyo kwa sauti ndogo ambayo Waya hakuwahi kuisikia kwake, "kliniki yenu imeniita. Nimeoga, nimevaa. Sasa nimekaa kitandani na miguu inakataa kuinuka."

Mama mkwe alipimwa kwa sababu Waya alimsumbua mwezi mzima, hadi bibi akasema heri kipimo kuliko mdomo wa mkamwana. Ujumbe wa pili hakuwa ameuona. Herufi za simu zilimshinda na wa kwanza alisomewa na jirani. Waya alimweleza kuwa ni makosa, orodha nzima imetumiwa, hata wasiohusika. Bibi akauliza ni nani mjinga aliyefanya hivyo.

Palepale, wakati simu ingali sikioni, ikatetemeka. Ujumbe umeingia. Majibu ya kipimo chako yametoka, tafadhali fika kliniki leo.

"Ni mimi, mama," alisema Waya.

Alielewa, na uelewa ulikuja wote kwa mkupuo. Skripti ikiwa wazi, PowerShell huijua dola na false kuwa ni hapana yenyewe. Ikishafungwa ikawa exe, kila kinachoandikwa baada ya jina lake hufika ndani kikiwa maandishi matupu, herufi tu. Yeye hakuwa ameandika popote ndani kwamba herufi hizo zisomwe na kupimwa. Alikuwa ameandika tu: kama Wote ipo, tuma kwa wote. Na neno lolote lililoandikwa, hata liwe neno la kukataa, si kitu kitupu; lipo. Sista alisema hapana, na Mjumbe alisikia tu kwamba mtu amesema kitu, akakipokea kama ndiyo.

Mficha uchi hazai, hilo Waya alifundishwa akiwa mdogo. Aliinuka aende kwa Daktari Mkuu kabla moyo haujapoa. Hakufika. Sista Mkuu alikuwa anakuja mbio koridoni, yeye ambaye huwafokea wauguzi wanaokimbia.

"Na wale watatu?" alisema.

Waya hakuelewa.

"Wenye alama nyekundu. Wale ambao ujumbe wa asubuhi ulikuwa wao kweli. Nao tumewaambia ni makosa."

Ujumbe wa kuwatoa hofu ulikwenda kwa wote, na wote ni pamoja na hao. Hapo Sista hakuwa na mkono. Aliyebonyeza alikuwa Waya, macho yakiwa wazi na akili timamu, kwa haraka ya kuzima moto.

Walipiga simu wakiwa wamesimama. Wa kwanza hakuwa ameondoka. Alikuwa nje getini akitafuta usafiri, akarudi. Wa pili alipokea, akasikiliza, akasema atakuja na mwanawe mchana. Wa tatu simu yake haikupatikana. Wakarudia mara nne. Kwenye kitabu cha wagonjwa alikuwa ameandikwa fundi cherehani, umri miaka thelathini na tisa, anaishi nyuma ya ghala la mbao. Daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba mwezi ujao anahama, aharakishwe.

"Akishaamini yu mzima, hatarudi," alisema Sista. "Nawajua. Mtu akiponea mlangoni hageuki nyuma kutazama."

Daktari Mkuu alikuwa bado ukumbini anabembeleza watu. Waya alimwendea, akamwomba pembeni, na aliposema pembeni alikuwa na maana ya kusogea hatua mbili, kwa hiyo mpokezi na wauguzi wawili walisikia yote. Alisema Sista alichapa sawasawa. Alisema kosa limo ndani ya programu, aliliacha yeye, na hakuipima upande wa hapana. Alisema pia kwamba alipoona mstari ule asubuhi alishuku, akanyamaza wakati Sista analaumiwa. Daktari alimwambia waende kwanza, hayo mengine yatazungumzwa mgonjwa akishapatikana. Kisha akamgeukia Sista Mkuu, akatafuta la kusema, akaishia kumfungulia mlango.

Walikwenda kwa miguu, maana gari la kliniki lilikuwa gereji. Sista alitembea mbele, mkoba kwapani. Waya alitaka kuomba radhi, kila alipoanza gari likapita. Walipofika penye ghala la mbao, vumbi la msumeno likiwa limetanda hadi juu ya majani, Sista alisimama kushusha pumzi.

"Kule ndani," alisema bila kumtazama, "nilianza kuhesabu siku za kustaafu. Nilijiona nimekwisha." Akapangusa miwani. "Usinifanyie hivyo tena." Akaendelea kutembea.

Duka la cherehani lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati ya buluu. Redio ilikuwa inaimba, na mwanamke mwembamba alikuwa ameinama juu ya sare za shule, pini tatu mdomoni, akitikisa kichwa kufuata wimbo. Alipoona sare nyeupe ya Sista alitoa pini, akacheka.

"Mmekuja kuomba msamaha nyumba kwa nyumba? Mna kazi," alisema. Akawaelezea mwenyewe, bila kuulizwa, kwa furaha ya mtu aliyetoka kwenye ajali. Ujumbe wa kwanza aliusoma akichota maji, ndoo ikamponyoka. Alimpigia mumewe kazini, wakalia wote kwenye simu hadi chaji ikaanza kuisha. Kisha ukaja wa pili. Alimpigia tena, na maneno yake ya mwisho kabla simu haijazima yalikuwa: nimepona. Alisema hilo neno, nimepona, huku ameweka mkono kifuani.

Sista alimwomba azime redio. Alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi na hakuipamba. Alikaa kwenye kigoda akawa chini kidogo ya macho yake, akamwambia kwamba ujumbe wa pili haukumhusu yeye. Wa asubuhi ndio wake.

Fundi cherehani alimwangalia Sista, akamwangalia Waya, akarudi kwa Sista. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali na cherehani ikajiendesha kidogo, tak tak tak, kitambaa kikapita chini ya sindano kikiwa kimekunjamana.

"Mmeniambia ninaumwa," alisema. "Mkaniambia siumwi. Sasa mnaniambia ninaumwa. Niamini ipi?"

Waya alijua swali hilo si la Sista.

"Ni mimi niliyetuma ule wa pili," alisema. "Na wa kwanza, programu iliyowatumia watu mia sita ni mimi niliyeitengeneza vibaya. Watu mia sita na tisa niliwatisha bure. Wewe nilikupa faraja bure. Siwezi kukuambia uiamini simu. Lakini daktari aliandika jina lako kwa kalamu, kwenye kitabu, kabla kompyuta yangu haijagusa chochote. Njoo ukisome mwenyewe."

Mwanamke alishusha mguu kutoka kwenye pedali. Alisema kwamba yeye akimharibia mtu nguo, anainunua. Waya alisema ndiyo. Mwanamke alisema kwamba hii si nguo. Waya alisema ndiyo tena. Mwanamke alilia kidogo, akiwa amewageuzia mgongo na amejikita kuzikunja sare, moja baada ya nyingine, hata zile ambazo hazijashonwa mikono. Kisha akauliza kama ni lazima iwe leo. Sista alisema leo ni bora kuliko kesho, na kwamba kinachoonekana hakijafika mbali, ila hakingoji.

"Basi nitakuja. Lakini huyu," alimnyooshea Waya kidole, "atakaa na mimi mpaka nitoke. Na yeye ndiye atakayempigia mume wangu, amwambie kwa mdomo wake. Mimi siwezi kumbadilishia maneno mara ya tatu."

Waya alipiga simu hiyo palepale, mlango wa mabati nyuma yake. Mume wa fundi cherehani alisikiliza hadi mwisho. Hakutukana. Aliuliza tu, mara mbili, kama safari hii ana hakika, na kila mara Waya alipojibu ndiyo alihisi neno hilo likiwa zito mdomoni kuliko lilivyowahi kuwa.

Walirudi watatu. Kitabu kilifunguliwa mezani, fundi cherehani akaweka kidole kwenye jina lake, akafuata mstari hadi kwenye alama nyekundu, akaketi. Daktari Mkuu alimwona saa sita kasorobo. Waya alikaa naye nje ya mlango, na ndani pia alipoitwa aingie, akitazama ukuta. Chembe za mlango wa kizazi zilikuwa zimeanza kubadilika lakini hazijawa saratani. Zingetolewa wiki hiyohiyo, akiwa amechomwa sindano ya ganzi, na angerudi kupimwa baada ya miezi sita. Fundi cherehani aliuliza kama ataweza kukalia cherehani. Daktari alisema apumzike kwanza wiki mbili. Alitoka na tarehe imeandikwa kwenye karatasi, kwa kalamu, kama alivyotaka.

Jioni ya siku hiyo kulikuwa na kikao kifupi. Daktari Mkuu alimwomba Sista radhi mbele ya wote, kwa maneno machache na kwa tabu, Sista akamjibu kwamba yamepita, ingawa wauguzi walioijua sauti yake walijua hayajapita bado. Waya alipewa barua ya onyo, akaitia saini. Kwa siku tatu zilizofuata, kutwa hakutoka katika chumba chake cha kazi ila kwa chakula. Aliifungua skripti akaiandika upya mahali pale penye mlango: chochote kinachofika baada ya jina lake kisomwe kama maandishi, kipimwe neno kwa neno; kama si ndiyo kamili wala si hapana kamili, programu igome, iseme haikuelewa. Na kabla ya kutuma iwataje watu kwa idadi, ingoje mtu ajibu. Akaifunga tena, na safari hii aliipima hiyo iliyofungwa, kwa kila njia mbaya aliyoweza kufikiria, na kwa nyingine alizoonyeshwa na Sista, ambaye alikuwa na kipaji cha kukosea makusudi. Sista aliandika hapana kwa herufi kubwa. Aliandika jina la orodha lenye nafasi katikati. Aliacha patupu. Mara mbili Mjumbe aliteleza, na Waya akarudi kurekebisha.

Jumatatu iliyofuata orodha ilikuwa na wanne wenye alama nyekundu. Daktari Mkuu alileta karatasi mwenyewe, akaiweka mbele ya Sista bila kusema nani achape. Sista alivaa miwani. Mjumbe aliuliza: nitatuma kwa watu 4, niendelee? Alitazama tarakimu hiyo, akalinganisha na karatasi, akamwita Waya alinganishe pia, kisha akarudia kuhesabu kwa ncha ya kalamu, jina kwa jina, huku Waya amesimama nyuma yake ameshika simu yake mwenyewe, ambayo namba yake aliiingiza orodhani bila alama nyekundu, akiombea ikae kimya.